Uliza Fundi: King'amuzi kimenyamaza na mzee haoni, afanyeje?

Toleo lililopita nilidokeza mstari mmoja tu, tena katikati ya swali la friji, kwamba mimi fundi wenu sioni, presha ya macho ilinimalizia kazi 2009, na TV bado nakaa nayo kila siku kama nyie. Sikujua nimewasha moto. Meseji za ving'amuzi zimekuja nyingi kuliko za friji, pasi na feni zikijumlishwa, kwahiyo leo friji zisubiri. Yule dada wa Kigamboni wa barafu inayojaa nyuma nakuomba radhi, toleo lijalo wewe ndo wa kwanza.

SWALI: Shikamoo Fundi. Baba yangu ana miaka 71, kisukari kimemmaliza macho, mwaka wa nne huu haoni kabisa. Anakaa Muheza na mama, sisi watoto tuko Dar. Tulimnunulia king'amuzi cha antena asikilize taarifa ya habari na mpira, ila kila wiki anapiga simu "kimenyamaza". Mama hajui hicho Kiingereza cha kwenye skrini, wanasubiri mpaka mjukuu wa jirani atoke shule. Juzi kimekaa kimya siku mbili nzima, kumbe kitufe kimoja tu kilibonyezwa. Tumnunulie redio tu yaishe? (Binti yake, Dar es Salaam)

JIBU: Marahaba mwanangu. Redio mnunulieni, nani anakataa redio, ila msimnunulie kwa sababu hiyo. Mzee ambaye miaka yote ikifika saa mbili usiku anakaa kwenye kiti chake na nyumba nzima inanyamaza habari ianze, ukimpa redio akae nayo chumbani umemhamisha sebuleni kwake mwenyewe. Watu wako kwenye TV, na yeye anataka kukaa na watu.

Sasa nikueleze kwanini TV ya zamani aliiweza na hii inamshinda, maana wengi wanasema uzee. ITV inaanza 1994 sisi tulikuwa na TV za kichogo, zingine za kuzungusha kitasa, tak, tak, tak, unahesabu, ya tatu ndo unayoitaka. Ukiangukia pasipo na stesheni inakupigia shhhhh kama mvua kwenye bati, unajua hapa hamna kitu, unaendelea. Kila hali ya TV ilikuwa na mlio wake na sisi mafundi ugonjwa tulikuwa tunausikia mlangoni kabla hata hatujafungua kava. Ikaja dijitali, Dar tukazimiwa mitambo ya analojia usiku wa 31 Desemba 2012, mikoa mingine ikafuata, na kuanzia siku ile king'amuzi kikipata shida yoyote kinanyamaza alafu kinaandika. Mawimbi yamepotea, kinaandika. Kifurushi kimeisha, kinaandika. Hujabonyeza kitu masaa kadhaa kinataka kulala, kinaandika kwanza ubonyeze kitufe kama bado upo, na wewe kwakuwa hujasoma kinalala kweli. Kwa mwenye macho hizo ni habari tatu tofauti, kwa mimi na baba yako ni kimya kimoja.

Kwahiyo mfundisheni mzee kukipima kimya. Mi nafanya hivi. Naanza na kiganja juu ya king'amuzi chenyewe, kikiwa baridi kabisa umeme haujafika, ni waya, ni swichi ya ukutani, au LUKU imeisha na hakuna aliyesema. Kikiwa na joto napandisha sauti mara tatu nne, kwasababu kwenye ving'amuzi vingi ile ya kunyamazisha, MUTE, inafunguka yenyewe ukipandisha sauti. Bado? Nabonyeza namba ya chaneli ya bure, mathalani TBC1, ambayo namba yake naijua kama ya simu yangu. TBC1 ikisema na ile ya mpira imenyamaza basi tatizo ni hela, kifurushi kimekata, usisumbue waya wa watu (hapa naongelea vya antena kama cha mzee, vya dishi vina tabia zao). Hata TBC1 ikinyamaza naenda nyuma nagusa waya wa antena, umekaa au umechomoka, na namuuliza aliye nje kama upepo wa usiku umeigeuza antena kule juu.

Vyote vikiwa sawa hapo ndo nawashuku wahalifu wawili. Wa kwanza ni rimoti ya TV. Nyumba ina rimoti mbili, ya TV na ya king'amuzi, mtu anapapasa anachukua ile isiyo yenyewe anabonyeza SOURCE, TV inaacha kusikiliza tundu la king'amuzi inahamia tundu jingine lisilo na kitu, king'amuzi kinaendelea kuhutubia peke yake. Dawa yake ni kuifunga rimoti ya TV raba bendi tatu kiunoni, mzee akiishika tu anajua sio hii, na ikiwezekana mama aiweke kabatini. TV nyingi ukiziwasha ukutani zinarudi pale pale zilipokuwa, jaribuni ya kwenu muone.

Wa pili ni kitufe cha AUDIO, na nahisi ndo kilimla mzee siku mbili. Hiki kinachagua sauti ya kushoto, ya kulia au zote, na lugha kama chaneli ina zaidi ya moja. Stesheni zingine sauti wanaituma upande mmoja, ukibonyeza ukaangukia upande mtupu picha inacheza vizuri, watu wanafungua midomo, sauti hamna. Anayeona akipita anasema mbona inafanya kazi hii, anaondoka. Usicheke baba yako, mimi fundi mzima ilinipata usiku wa mechi, nikakigeuza king'amuzi juu ya meza nikatoa skrubu nne nikazipanga kwenye kisosi, nimeshaanza kugusa soketi moja moja kwa kidole kutafuta risasi iliyoachia, mwanangu wa darasa la nne akaingia akasema, baba kwenye TV kuna kaspika kameandikwa L. Nikaanza kuzirudisha skrubu nne. Tatu nilizipata.

Rimoti yenyewe wekeni alama. Namba 5 karibu rimoti zote ina kidoti kinachogusika, mzee aanzie hapo, juu yake 2, chini yake 8, kama simu za vitufe. AUDIO na MENU vibandikieni solotepu mbili tatu juu, kidole kikikuta plastiki kinarudi. Cha kuwashia na cha sauti wekeni tone la rangi ya kucha, liache likauke usiku kucha, ongeza la pili juu yake, linakuwa kama chunjua dogo halitoki mwaka. Namba za chaneli kumi anazozipenda mrekodieni kwenye simu kwa sauti, we sema tu taratibu, habari ni namba fulani, mpira namba fulani, asikilize mpaka zimkae. Na mwambieni namba azibonyeze haraka haraka, akibonyeza 1 akatafakari kidogo king'amuzi kinamchukulia kamaliza kinampeleka chaneli ya 1. Ile ya kujizima chenyewe ingieni kwenye menyu muizime siku mnayoenda kumsalimia.

Likishindikana lote, mama apige simu ya video WhatsApp aelekeze kamera kwenye TV we usome ukiwa Dar. Hii ni bora kuliko kuwapigia wenyewe. Nilishawahi kupiga huduma kwa wateja wa kampuni moja, sitaitaja, dada akaniuliza kwenye skrini kunaandika nini, nikamwambia mwanangu mi sioni, akasema pole sana baba, kimya kidogo, alafu akauliza tena, sawa, lakini kunaandika nini?

SWALI: Hamjambo. Mimi ni mwalimu, sioni tangu utotoni, kompyuta natumia na simu natumia bila shida kwasababu zinaongea. Dikoda ndio kitu pekee kwa nyumba yangu hakiongei. Rafiki yangu aliyeishi Uingereza anasema kule ziko zinazoongea. Ni kweli ama ananichezea? Na kama ni kweli mbona za kwetu haziongei? (Mwalimu, Nakuru)

JIBU: Hakuchezei mwalimu, ving'amuzi vya kuongea, hizo dikoda zenu, vipo, na si vya jana. Mwaka 2010 chama cha wasioona cha kule, RNIB, na kampuni ya Goodmans walitoa king'amuzi cha Freeview, yaani TV ya bure ya antena ya kule, kinaitwa Smart Talk. Ukibadilisha chaneli kinakutajia jina la chaneli na kipindi kinachoendelea, ukiingia kwenye menyu kinakusomea menyu, ukifungua ratiba ya wiki kinakusomea ratiba. Panasonic nao 2012 wakaanza kuweka sauti ndani ya TV zenyewe. Marekani kampuni ya kebo ya Comcast ikaweka sauti kwenye vifaa vyake 2014, na aliyekuwa anaongoza kitengo hicho, Tom Wlodkowski, mwenyewe haoni, na mi nasema ndo maana kilitoka vizuri, kwasababu ukimpa kazi hii mwenye macho atakusomea kila neno kwenye skrini mpaka ukichoke, asiyeona mwenzako anajua cha kusoma ni kipi na cha kuacha ni kipi.

Tena kuna jambo linaniuma zaidi ya hilo. Waingereza walivyokuwa wanahama kwenda dijitali, kazi iliyoisha Oktoba 2012, miezi miwili tu kabla Dar hatujazimiwa, serikali yao iliweka mpango maalum uliosimamiwa na BBC, ukiwa na miaka 75 au zaidi, au ulemavu mkubwa, au umeandikishwa kuwa huoni, mtu anakuja nyumbani kwako na kifaa rahisi kutumia, anakifunga, anakufundisha, na kwa wengine bure kabisa. Sisi huku tulichofanyiwa ni matangazo, tena kwenye TV. Nyie Kenya mnakumbuka Februari 2015 kesi na kuzimwa kwa stesheni kubwa wiki kadhaa, kelele ilikuwa ya nani ana leseni na nani ana mitambo, sijasikia hata mmoja aliyeuliza hiyo dikoda mtu asiyeona ataitumiaje.

Mbona za kwetu haziongei? Sababu inayotajwagwa ni Kiswahili, eti sauti ya kompyuta ya Kiswahili haipo. Wewe mwalimu unajua hiyo sio kweli. Ile sauti ya eSpeak inayokuja na NVDA, programu ya kompyuta ya kutusomea skrini, inasoma Kiswahili, ina lafudhi ya roboti aliyekunywa maji baridi lakini inasoma, ni ya bure na ni megabaiti chache tu. Simu za Android zina sauti ya Kiswahili ya Google, na hiyo ni nzuri kabisa. Sababu ya kweli ni kwamba vya bei rahisi vinatengenezwa vingi kwa wakati mmoja kiwandani, chipu ya hali ya chini, memori ndogo, programu ile ile inaenda nchi nyingi na kinachobadilishwa ni nembo, na mnunuzi mkubwa, yaani kampuni yenyewe, hajawahi kuandika kwenye oda kwamba kiongee. Kiwanda kinatengeneza ulichoandika kwenye oda. Marekani haikuwa huruma, ilikuwa sheria, Obama aliisaini Oktoba 2010, na kanuni zake zikazipa kampuni za vifaa na za kebo mpaka 20 Desemba 2016 menyu zao ziwe zinatumika na asiyeona, zile ndogo zikaongezewa muda. Ona hiyo Comcast ya 2014, sheria ilikuwa imeshapita, tarehe iko ukutani.

Sasa we ununue nini leo. Angalia hapa vizuri maana watu wanapigwa. Dukani watakuuzia TV janja wakwambie hii inaongea, na kweli inaongea, Samsung wana msomaji wao wa skrini, zenye Android zina msomaji anaitwa TalkBack, ile ile ya kwenye simu. Unaipeleka nyumbani, unachomeka dikoda yako kwa waya wa HDMI, unabonyeza menyu ya dikoda, kimya. TV haina kosa. Kinachopita kwenye ule waya ni picha na sauti, menyu ya dikoda ikifika kwenye TV ni picha kama picha ya mbuzi, hakuna maandishi ya kusomwa. TV inasoma menyu zake yenyewe tu. Kwahiyo TV ya kuongea itakufaa kama stesheni unazipata kwa intaneti humo humo ndani ya TV, na bahati nzuri stesheni zenu kubwa za Kenya zinarusha laivu YouTube, unaandika jina kwa sauti unasikiliza. Gharama yake ni bando. Kama intaneti ya nyumbani unayo, boksi dogo la Android TV au Apple TV linatosha, hiyo ya Apple ina msomaji wake wa skrini, VoiceOver. Ila siku ya kwanza ya kulifunga tafuta mwenye macho, kuna maboksi sauti huwezi kuiwasha mpaka umalize hatua za mwanzo ambazo zenyewe hazina sauti. Aliyebuni hiyo sijui alikuwa anawaza nini.

Dikoda uliyonayo usiitupe. Ukiwa na simu janja kuna programu za Lookout ya Google na Seeing AI, unaelekeza kamera kwenye skrini inakusomea kilichoandikwa. Zima taa ya chumbani kwanza, mng'ao kwenye kioo unaivuruga, na simama hatua mbili tatu mbele ya TV simu ikiwa usawa wa kifua, sio juu. Kuna pia Be My Eyes iliyoanzia Denmark 2015, mtu wa kujitolea asiyekujua anapokea simu ya video anakuangalizia. Mi niliona aibu mwanzoni. Aibu iliisha siku kifurushi kilipogoma dakika kumi kabla ya mpira.

SWALI: Fundi samahani kama nitakukosea, ila mke wangu kauliza nimecheka nikakosa jibu. Asiyeona anaangalia TV ya nini? Na mnasemaje, "naangalia" au "nasikiliza"? (Mume wa mtu, Mbeya)

JIBU: Hujanikosea. Mwambie shemeji tunasema naangalia, jana niliangalia tamthilia, na Jumapili naangalia mpira. Ya nini? Tamthilia ya Kiswahili asilimia kubwa ni watu wanagombana sebuleni, naipata yote. Ya Kituruki iliyotafsiriwa nayo naipata. Filamu ya mapigano ndo sipati kitu, nasikia magari na milango dakika kumi na mbili alafu mtu anasema "tumemaliza", nani kafa sijui.

Kwa wenzetu kuna sauti ya pili ya maelezo, mtu anaeleza kwa kifupi kwenye nafasi zile wahusika hawaongei, "anafungua droo, anatoa bastola", hivyo tu. Kituo cha WGBH cha Boston kilianza hiyo mwaka 1990, na Uingereza sheria ya 2003 imeweka kiwango cha vipindi vya kuwekewa maelezo, asilimia 10. Netflix walianza 2015 baada ya kulalamikiwa, kwasababu walikuwa wametoa tamthilia ya wakili asiyeona anayepigana na majambazi, na watu wasioona wakauliza sasa hii tunaifuatiliaje? Hiyo sauti ya pili kwenye dijitali inapita pale pale kwenye kitufe cha AUDIO, yule mhalifu wetu wa juu. Njia ipo kwenye king'amuzi chako, hakuna anayeipitishia kitu.

SWALI: Mimi naona kidogo tu, kivuli na mwanga. Kulipia kifurushi najua, shida yangu sijui kinaisha lini mpaka kikate. Pia nikilipa wakati mwingine hakifunguki nakaa nasubiri. (Dada, Dodoma)

JIBU: Dada yangu, mfanye king'amuzi kama mpangaji, muandikie daftari. Siku unayolipa weka kikumbusho kwenye simu siku mbili kabla ya kuisha, simu itakwambia, king'amuzi hakikwambii. Namba ya kadi isevu kwenye simu kama jina la mtu, mi nimeisevu "Kadi King'amuzi", wakati wa kulipa naikopi, maana kuisoma kwenye stika ya chini ya kifaa hata wenye macho wanaomba tochi. Hakikisha namba ya simu uliyosajiliwa nayo ni hii unayotumia sasa ili meseji za malipo zije kwako, wengi wamesajiliwa kwa namba ya wakala aliyewauzia, huyo ndo anapataga taarifa zenu. Na unapolipa acha king'amuzi kikiwa kimewaka kwenye chaneli ya hicho kifurushi, ruhusa inakuja kwa mawimbi, kikiwa kimezimwa inapita juu haikikuti. Ikipita nusu saa kimya, chomoa umeme, hesabu mpaka thelathini, rudisha. Menyu za kulipia kwa simu zile za nyota na reli TalkBack inazisoma ila zinaisha muda haraka, jibu kabla haijamaliza kusoma kama unakumbuka namba.

SWALI: Nilinunua king'amuzi, baada ya wiki wakakisasisha usiku, asubuhi namba zote za chaneli zimehama. Nimezikariri zote za mwanzo! Hakuna sheria? Nilalamike wapi? (Asiyeona mwenye hasira, Unguja)

JIBU: Hasira ni haki yako, mimi ilinichukua wiki nzima kuzikariri upya na bado kidole changu kinaenda kule kule kwa zamani. Sheria zipo ila zinatuzunguka. Tanzania iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu 2009, na ibara ya 30 inataja vipindi vya televisheni kwa jina kabisa, viwe katika namna tunayoweza kuvipata. Kwenye teknolojia Kenya wametoa kiwango cha kitaifa KS 2952, 2022, cha vifaa na huduma kutumika na wenye ulemavu. Kabla ya hapo sheria yao ya 2003 ilitamka kwamba stesheni ziweke lugha ya alama au maandishi kwenye taarifa za habari, kwahiyo ndugu zetu viziwi walikumbukwa kwenye TV angalau kwa kuandikwa. Sisi nadhani walisema wale wana redio.

Pa kulalamika, anza na mtoa huduma wako, kwa maandishi au kwa simu, na uombe namba ya malalamiko uitunze. Wasipokujibu ukaridhika nenda kwa wasimamizi wa utangazaji, kwenu Zanzibar ni Tume ya Utangazaji, huku Bara ni TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na hiyo namba uende nayo. Usiandike "king'amuzi ni kibaya", andika tarehe, namba za chaneli zilizohama, na unachotaka. Mi ningeomba vitu viwili vya bei rahisi kabisa kabla hata ya kuomba sauti: namba za chaneli zisihame bila meseji kuja kwenye simu, na king'amuzi kipige mlio tofauti kwa kila tatizo, pii moja hakuna mawimbi, pii mbili kifurushi kimeisha. Mashine ya kufulia ya jirani yangu inafanya hivyo na haijui hata kusoma.

SWALI: Naangalia mpira na kaka yangu asiyeona. Mtangazaji wa TV anamchosha, anasema "aaah, anapitaaa", nani anapita hasemi. Tukifungulia redio pembeni goli linaingia redioni kabla, mimi nakosa raha. Tufanyeje? (Shabiki, Morogoro)

JIBU: Mtangazaji wa TV anajua unaona, anakuachia picha. Wa redio anajua huoni, anakubebea uwanja mzima mdomoni, ndo maana kaka yako anamtaka huyo. Redio ya FM inawahi kwasababu picha ya dijitali inafungashwa kwanza huko inakotoka, alafu king'amuzi kinaipokea na kuifungua, kama ni cha dishi mawimbi yamepanda mpaka kwenye setilaiti yakarudi, ukiangalia kwa intaneti ndo kabisa, jirani ameshamaliza kushangilia. Kuna watu wanairekodi redio kwa simu na kuichelewesha kwa sekunde, ni kazi kubwa. Fanyeni rahisi: kaka avae hedifoni sikio moja tu asikie redio, sikio la pili liwe na nyie sebuleni, alafu mwekeane sharti asishangilie mpaka nyie muone. Kwangu sharti hilo lipo mwaka wa tatu sasa. Sijawahi kulitimiza hata mara moja, Simba wakifunga mi naruka kwanza, na watoto siku hizi hawaangalii tena TV dakika za mwisho, wananiangalia mimi.